Wakikutupia aya: njia nne za kujibu kwa tafsiri, na ipi ikufae

Machi 2008 mwanasiasa wa Uholanzi, Geert Wilders, alitoa mtandaoni filamu fupi ya dakika kama 17. Aya tano za Qurani zilipangwa humo, kila moja ikisindikizwa na picha za milipuko na maiti: 8:60, 4:56, 47:4, 4:89 na 8:39. Hakuna hata moja iliyosomwa pamoja na jirani yake. Mtindo huo haujabadilika. Iwe kwenye kundi la WhatsApp mjini Nairobi au chumba cha chai ofisini London, inakuja aya moja na namba yake, kisha swali: "Haya, hii nayo unasemaje?"

Anayetaka kujibu kwa tafsiri, yaani kwa kufafanua maana ya aya, ana njia nne ambazo watu wanazitumia kweli: siyaki ya maneno (aya pamoja na zinazoizunguka), sababu za kushuka, kauli za wafasiri wa kale, na tafsiri ya mada pamoja na makusudio. Swali la kwanza karibu kila mtu ana jibu lake. Linalowaangusha wengi ni la pili, na kila njia ina swali la pili la kwake.

Tutazipima zote kwa aya moja, 9:5, iliyozoeleka kwa jina la Aya ya Upanga. Maana yake kwa kifupi: miezi mitakatifu ikishapita, wauweni washirikina (wanaoabudu miungu mingine pamoja na Mungu) popote mtakapowakuta, wakamateni, wazingireni na wavizieni; wakitubu, wakasimamisha sala na kutoa zaka, waachieni njia yao. (Jina la upanga walilipa wanazuoni. Neno *sayf* halimo katika aya hiyo, wala popote katika Qurani.)

Vigezo

Kila njia tunaiuliza mambo manne. Inafanyaje kazi, na inakula muda gani? Inadai vitabu gani na Kiarabu kiasi gani? Swali la pili litakalokuja ni lipi, na njia inakwama wapi? Na mwisho, inamfaa nani?

1. Siyaki: aya na jirani zake

*Inavyofanya kazi.* Husomi 9:5 peke yake. Unaanzia 9:1 na kushuka mpaka 9:13, na kwa Kiswahili kazi hiyo haizidi dakika nne. Aya mbili za mwanzo zinawatangazia washirikina waliokuwa na mkataba kwamba mkataba umefikia mwisho, na zinawapa miezi minne ya kutembea kwa amani. 9:4 inawatoa wale waliotimiza ahadi na hawakumsaidia adui: hao watimiziwe mkataba wao mpaka muda wake. 9:6 inasema mshirikina akiomba hifadhi apewe, asikie maneno ya Mungu, kisha afikishwe mahali pake pa amani. 9:7 inaagiza: maadamu wananyooka nanyi, nanyi nyookeni nao. 9:13 inataja makosa yao matatu: walivunja viapo, walikusudia kumtoa Mtume, na ndio walioanza.

Ukifika hapo, ile *al* ya *al-mushrikin* inaanza kueleweka. Kiarabu hutumia *al* kwa jinsi nzima ya kitu, na pia kwa kundi ambalo tayari limetajwa. Hapa kundi limetajwa tangu aya ya kwanza.

Rudi sasa kwenye filamu. 8:60 inaamrisha kuandaa nguvu, na 8:61 inaendelea: wakielemea amani, nawe ielemee. 4:89 inafuatwa na 4:90, inayosema wakijitenga nanyi, wasipigane nanyi na wakaleta amani, Mungu hakuwapeni njia dhidi yao. 47:4 ina dawa ndani yake yenyewe, maana mateka ama waachiliwe kwa hisani ama kwa fidia. 4:56 inazungumzia adhabu ya Akhera na haimwagizi mwanadamu kumfanya mwenzake lolote. Nne kati ya tano zimekwisha, na hatujafungua kitabu kingine.

*Vifaa.* Msahafu wenye tafsiri ya Kiswahili unatosha. Angalia tu namba. Chapa za Ahmadiyya huhesabu Bismillahi kuwa aya ya kwanza ya sura, kwa hiyo 2:256 kwao ni 2:257. Zisizosogea ni sura ya 9, kwa kuwa haina Bismillahi mwanzoni, na al-Fatiha, ambayo Bismillahi yake huwa aya ya kwanza hata katika misahafu mingine iliyozoeleka. Ugomvi mwingi wa "aya hiyo haipo!" chanzo chake ni hiki.

*Inapokwama.* Swali la pili la kawaida ni hili: "Kwa hiyo waliachiwa wakisilimu tu?" Hapo 9:4 na 9:6 zinakutosha, kwa sababu wanaotajwa humo wamebaki washirikina na bado wana haki ya mkataba na ya hifadhi. Kigumu ni 9:29, aya inayoagiza kupigana na waliopewa Kitabu mpaka watoe jizya, kodi ya wasio Waislamu. Majirani zake hawataji kwamba wanaopiganwa ndio walioanza. Ukijaribu kuimaliza kwa siyaki peke yake utaonekana unakwepa, na kweli utakuwa unakwepa.

*Inamfaa* mwenye dakika tano, asiye na Kiarabu, anayezungumza na mtu aliyeuliza kwa nia njema. Inampa muulizaji kitu anachoweza kukihakiki mwenyewe kwenye simu yake bila kumwamini mtu, na faida hiyo njia nyingine hazina.

2. Sababu za kushuka na sira

*Inavyofanya kazi.* Unaiweka aya kwenye tarehe. Mkataba wa Hudaybiya kati ya Waislamu na Makureshi wa Makka, mwaka wa 6 Hijria (628). Banu Bakr, washirika wa Makureshi, wakawashambulia Khuzaa, washirika wa Waislamu. Makka ikafunguliwa Ramadhani ya mwaka wa 8. Msafara wa vita wa Tabuk, mwaka wa 9. Hija ya mwaka huo huo wa 9 iliongozwa na Abu Bakr, na Ali akatumwa nyuma yake kuwasomea watu mwanzo wa sura ya Tawba. Ile miezi minne ikahesabiwa tangu 10 Dhul-Hija mpaka 10 Rabiul-Akhir.

Hesabu hiyo ina jambo ambalo tafsiri za lugha nyingi hulificha. Msomaji anayekutana na "miezi mitakatifu" hufikiria Rajabu, Dhul-Qaada, Dhul-Hija na Muharamu. Wafasiri wengi wa mwanzo, Mujahid na Qatada wakiwamo, waliifahamu kuwa ni miezi ya muhula uliotajwa katika 9:2, na Ibn Kathir anaunga mkono ufahamu huo. Kwa maana hiyo 9:5 inafunga notisi iliyotolewa hadharani, mbele ya mahujaji, miezi minne kabla.

Nguvu ya njia hii iko katika kisa. Chukua 2:256, "hapana kulazimishana katika dini." Abu Dawud anapokea kwa Ibn Abbas kwamba kabla ya Uislamu mwanamke wa Madina ambaye watoto wake walikuwa hawaishi aliweka nadhiri: akipata atakayeishi, atamlea katika Uyahudi. Banu Nadhir, kabila la Kiyahudi la Madina, walipohamishwa, wana wa Ansari (Waislamu wenyeji wa Madina) walikuwa miongoni mwao. Wazazi wakasema hatuwaachi watoto wetu. Aya ikashuka. Msikilizaji haambiwi tena kanuni juu ya wageni wa mbali. Anamwona mzazi akizuiwa kumlazimisha mwanawe wa kumzaa.

*Vifaa.* Kitabu cha sira, yaani historia ya maisha ya Mtume, na mkusanyo wa sababu za kushuka kama wa al-Wahidi (aliyefariki 468 Hijria) au wa as-Suyuti (911 Hijria). Kiarabu cha kati kinahitajika. Andaa saa moja au mbili kwa kila aya, kwa sababu al-Wahidi anakusanya na dhaifu pia. Ukiona isnadi (mlolongo wa wapokezi) inapitia kwa al-Kalbi, mpokezi asiyeaminika, usijenge nyumba juu yake.

*Inapokwama.* Pa kwanza ni tarehe. Utawasikia wakisema 9:5 iliwashukia Makureshi kwa kuvunja Hudaybiya. Tangazo lilitolewa miezi 15 hivi baada ya Makka kufunguliwa, kwa hiyo mwenye kalenda atakunasa hapo hapo. Sema makabila yaliyokuwa bado na mikataba, basi. Pa pili ni kanuni ya wanazuoni wenyewe: mazingatio ni kwa ujumla wa tamko, hayafungwi na umahususi wa sababu. Mshindani aliyesoma atakutolea kanuni hiyo, na ni ya kweli. Jibu lake ni kwamba ujumla wa 9:5 umewekewa mipaka na 9:4 na 9:6, yaani unarudi njia ya kwanza kuomba msaada. Pa tatu hutoka kwa vijana: "Kama ni habari za wakati ule, kwa nini tunaisoma leo?" Ukizidisha historia, unamkabidhi swali hilo wewe mwenyewe.

*Inamfaa* mwalimu, mhadhiri, au mzazi mwenye muda wa kusimulia. Haimfai anayejibizana kwa ujumbe mfupi.

3. Wafasiri wa kale

*Inavyofanya kazi.* Unaonyesha aya ilivyosomwa tangu zamani, ili usiambiwe umebuni Uislamu mpya wa kuwapendeza Wazungu. Hii ndiyo njia ngumu na ndiyo inayozaa zaidi, mradi ukubali kwamba utakutana na usiyoyapenda.

Tuanze na hayo. As-Suyuti anamnukuu Ibn al-Arabi, kadhi wa Seville (aliyefariki 543 Hijria), akisema Aya ya Upanga ilifuta hukumu za aya 124 za kusamehe na kuwaacha makafiri. Wanaochochea chuki wanaipenda sana namba hiyo. Hawaimalizii kauli yenyewe, inayoendelea kusema kwamba mwisho wa aya nao ukaufuta mwanzo wake. Wala hawafungui *Ahkamu al-Qur'an* ya huyo huyo Ibn al-Arabi, ambamo, anapoifasiri 9:5 yenyewe, anasema makusudio ni washirikina wanaokupigeni vita. Mtu mmoja, kauli mbili. Anayemnukuu kwa moja tu, awe adui au mtetezi, hajamnukuu.

Halafu kuna tofauti zao. Adh-Dhahhak na as-Suddi walisema 9:5 imefutwa na 47:4, ile ya kuachilia mateka kwa hisani au fidia. Qatada alisema kinyume chake. At-Tabari (aliyefariki 310 Hijria) alikataa kwamba 2:190, "piganeni na wanaokupigeni wala msichupe mipaka," imefutwa. Alichagua kauli ya Umar bin Abdul-Aziz kwamba mpaka uliokatazwa kuvukwa ni kuwaua wanawake, watoto na wasiopigana. Orodha ya zilizofutwa nayo ikazidi kupungua kadiri karne zilivyopita: as-Suyuti alibakisha kama 20, na Shah Waliullah wa Delhi (aliyefariki 1762) alibakisha 5.

Na ile aya ya tano ya filamu, 8:39, "mpaka isiwepo fitna"? Jibu liko kwa Bukhari. Ibn Umar aliulizwa kwa nini haingii katika vita vya wenyewe kwa wenyewe wakati aya inaagiza hivyo. Akaeleza kwamba fitna ilikuwa mtu kuteswa au kuuawa kwa ajili ya dini yake, Waislamu walipokuwa wachache. Sisi tulipigana mpaka fitna isiwepo, nanyi mnataka kupigana mpaka iwepo. Sahaba anaisoma aya kwa maana ya kuondoa mateso, na anaitumia kukataa vita.

*Vifaa.* Kiarabu kizuri, au mwalimu mwenye nacho. Na ujuzi mmoja ambao wengi hawana: kutofautisha kauli iliyonukuliwa na kauli ya mwenye kitabu. At-Tabari hupanga rai za watu mfululizo, kisha huja na yake kwa maneno kama *wa awla al-aqwal bis-sawab*, kauli iliyo karibu zaidi na usahihi. Ibn Kathir mara nyingi hujitokeza kwa *qultu*, nasema mimi. "Ibn Kathir amesema" nyingi zinazozunguka mtandaoni ni maneno ya mtu mwingine aliyenukuliwa naye. Muhtasari wa lugha za kigeni mara nyingi huziondoa alama hizo, ndiyo maana mwenye muhtasari tu hayuko salama.

*Inapokwama.* Mshindani naye ana Ibn Kathir. Atakutolea kurasa za hukumu zilizoandikwa katika dunia ya dola zinazopigana, na nyingine ni kali kweli. Ukiwa umeingia kwa kusema "wanazuoni wote wamekubaliana kwamba ni vita vya kujihami tu," umeshindwa kabla ya kuanza, maana hawakukubaliana hivyo. Ingia kwa kusema walitofautiana, na onyesha walitofautiana wapi.

*Inamfaa* mwanafunzi wa madrasa ya juu, imamu, na Mwislamu mwenyewe ambaye shaka imemwingia. Kwa jirani asiye Mwislamu, majina matano ya Kiarabu katika sentensi moja yanachosha.

4. Mada na makusudio

*Inavyofanya kazi.* Unakusanya aya zote za mada moja, kisha unauliza zinaelekea wapi kwa pamoja. Mahmud Shaltut, aliyekuja kuwa Shekhe wa Azhar (1958–1963), alizikusanya aya za vita namna hiyo. Ibn Ashur wa Tunisia (1879–1973) alisoma kwa jicho la makusudio ya sheria: kulinda dini, nafsi, akili, kizazi na mali.

Kiswahili kinatusaidia hapa kuliko Kiingereza. Kiarabu kina *uqtulu*, "wauweni," iliyomo 9:5 na 2:191. Kina pia *qatilu*, iliyomo 2:190 na 9:29, ambayo tunaitia *-ana* bila kufundishwa: piganeni. Kupigana kunataka wawili. Hilo halimalizi mjadala wa 9:29, lakini linaonyesha kwamba aliyetafsiri zote mbili kwa "ua" amepoteza kitu.

Mfano mzuri zaidi wa njia hii ni 5:51, inayokataza kuwafanya Mayahudi na Wakristo *awliya*. Ukisoma neno hilo kuwa "marafiki" tu, umegongana na 5:5, inayoruhusu Mwislamu kuoa mwanamke wa Kiyahudi au wa Kikristo. Mume gani anakatazwa urafiki na mkewe? Ongeza 5:57, inayowataja wanaoifanyia dini mzaha, na 60:8-9, inayotenganisha wasiokupigeni vita na waliokupigeni na kukutoeni majumbani. *Awliya* inasimama kwa maana ya walinzi na wasimamizi unaowapa utii wakati wa uhasama.

*Vifaa.* Faharasa ya maneno ya Qurani, ya kitabu au ya simu, na siku mbili tatu kwa kila mada. Andika kila aya yenye neno hilo, pamoja na zinazokukera.

*Inapokwama.* Kudonoadonoa. Mfano unaojulikana ni 5:32, "anayeiua nafsi ni kama amewaua watu wote." Hunukuliwa bila mwanzo wake unaosema tumewaandikia Wana wa Israili, bila ule msamaha wa "isipokuwa kwa nafsi au ufisadi katika nchi," na bila 5:33 inayotaja adhabu za waharibifu. Mshindani anafungua msahafu na kusoma mstari unaofuata. Umemfanyia kosa lile lile lililofanywa na filamu. Ila aya ukiisoma nzima, hoja inabaki: kuua kunahitaji hatia iliyothibiti, na dini ya mtu haikutajwa kuwa hatia.

Swali jingine: "Mnaikunja Qurani ifanane na mikataba ya Umoja wa Mataifa?" Bila kauli ya mfasiri hata mmoja wa zamani mkononi, utababaika.

*Inamfaa* mwandishi wa makala, mshiriki wa mdahalo wa dini mbalimbali, mwalimu wa sekondari anayepanga somo zima.

Neno kuhusu tafsiri za Kiswahili

Kujibu kwa tafsiri si jambo jipya kwetu. Tafsiri ya kwanza kamili ya Qurani kwa Kiswahili, ya 1923, ilifanywa na mmisionari wa Kianglikana wa Zanzibar, Godfrey Dale. Ikafuata ya Ahmadiyya mwaka 1953, kisha ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy mwaka 1969, iliyoandikwa huku akizijibu waziwazi zilizomtangulia. Kwa kazi ya siyaki, ya al-Farsy inafaa kwa sababu ya maelezo yake ya chini. Ya Sheikh Ali Muhsin al-Barwani ya 1995 ndiyo unayoikuta zaidi kwenye programu za simu, lakini humo mara nyingi huwekwa matini pekee, bila ufafanuzi uliomo katika kitabu.

Kwa hali yako

Mwenzako kazini ameuliza kwa upole, na chai inapoa: siyaki. Mfungulie 9:1 hadi 9:13 asome mwenyewe, na usiongeze kitu mpaka aulize.

Mwanao wa miaka 15, Birmingham au Muscat, amerudi na klipu: anza na kisa cha 2:256, kisha siyaki. Usimfiche kwamba zipo kauli kali. Akizigundua peke yake miaka miwili baadaye, hatarudi kukuuliza.

Unafundisha darasa la watu wazima msikitini: wafasiri wa kale, tofauti zao zikiwa mezani, na umwonyeshe kila mmoja *qultu* iko wapi kwenye ukurasa.

Umealikwa kwenye mdahalo au umeombwa makala: mada na makusudio, na uwe na at-Tabari mfukoni kwa lile swali la kubabaisha. 9:29 itakuja, kwa hiyo iandalie dakika kumi zake peke yake, sira ya Tabuk ikiwemo.

Mtu anamwaga aya 30 kwa mfululizo na hasubiri jibu: chagua moja, ijibu kwa siyaki kwa ajili ya wanaosoma kimya, kisha nyamaza. Kulipiza kwa kumtolea aya za vita za Biblia, kama ilivyozoeleka kwenye mihadhara ya hadhara, kutawachangamsha walio upande wako, na 9:5 itabaki bila jibu.

Na aliyekuvuta hijabu kwenye treni hakuulizi maana ya aya. Huyo hana haja ya tafsiri. Chukua muda, namba ya behewa na majina ya mashahidi, upeleke polisi.